Kivinjari Ulichoniachia

Duka la Miwani,
Mlango wa pili baada ya ngazi,
S.L.P. 318.

Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Hujambo, mama? Habari za huko, habari za mwili, habari za hicho chumba chako chenye dirisha lisilofunga vizuri? (La dirisha uliniambia mwenyewe kwa simu. Nimehakikisha kabla ya kuandika. Kwa nini nimehakikisha, utaona mbele.)

Sisi huku tu wazima. Mkaza mjomba wako mguu umepona na amerudi kunikimbiza nyumba nzima kama zamani. Mimi tumbo limeongezeka na nywele zimepungua, kwa hiyo uzito uko pale pale. Watoto wanasoma, au ndivyo wanavyoniambia.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono, tena yenye mwandiko huu wa kuku aliyekanyaga wino. Neno nililo nalo halisemeki kwa simu, maana kwa simu wewe hucheka upesi nami hujificha nyuma ya kicheko chako. Na kwa kompyuta, mpwa wangu, sina tena uso wa kukuandikia. Keti kwanza.

Unakumbuka Oktoba ulipokuja kututembelea, ukaketi kwenye kiti changu cha kazi, ukaitazama kompyuta ya dukani ukacheka mpaka ukashika mbavu. Ulisema kivinjari ninachotumia ni makumbusho, kwamba mtu akisubiri ukurasa mmoja ufunguke anaweza kufua, kuanika na kuanua. Ukaniwekea chako. Ukaingia humo kwa akaunti yako ili usome barua pepe zako, ukafunga mkoba, ukatuaga. Wewe uliondoka, lakini akaunti yako ilibaki imeketi kwenye kiti changu.

Wiki mbili za kwanza nilidhani mashine ndiyo yenye akili. Nikiandika herufi ya kwanza ya kutafuta vioo au mikono ya fremu, inaniletea orodha ya mambo ambayo sijawahi kuyawaza: viatu vyenye chuma mbele, vyumba vya kupanga karibu na karakana, mafunzo ya uchomeleaji kwa wanaoanza. Nikasema labda ni matangazo. Nikamwita jirani yangu fundi simu, yule tunayemwita Bwana Kasi kwa sababu kitu kisichokwenda mbio kwake si kitu. Akachungulia mara moja tu.

"Hii si akili ya mashine, Fundi. Huyu ni mpwa wako. Kila anachokitafuta kule kinakuja kukusalimia hapa. Bonyeza pale, mtoe."

Nikamwambia nitamtoa kesho, sasa hivi nina mteja. Mteja hakuwapo.

Kesho hiyo ilichukua miezi minane. Wahenga walimpa mwizi siku arobaini. Mimi nilijipa mia mbili na arobaini.

Kichekesho ni kwamba niligeuka wakili wa hicho kivinjari. Bwana Kasi akinishauri nihamie kile chake chepesi, akisema hiki kinakula kumbukumbu ya mashine kama mchwa, namjibu kwamba mimi napenda herufi zake, zinapumzisha macho, na mtu wa miwani anajua habari za macho. Mkaza mjomba wako anapenda kile cha kwenye simu yake kwa sababu kina rangi ya zambarau, na hana sababu nyingine wala haoni aibu. Mwalimu mstaafu, yule anayekuja kunyooshewa miwani kila wiki kwa sababu kila wiki anaikalia, yeye hutumia kile kisichoweka kumbukumbu. "Nikikifunga, kimesahau," husema. Nikamtania mbele ya wateja kwamba mtu anayetaka kusahauliwa na mashine ana la kuficha. Watu wakacheka. Mzee wa watu akacheka pia. Na mimi, mwenye la kuficha kuliko wote mle ndani, nikacheka kuwashinda.

Sasa nikuambie nilichokuwa nikifanya. Kila asubuhi, kabla ya kufagia, nilikuwa nawasha kompyuta na kuandika herufi moja moja, nione umelalaje. Nikaona umeacha kazi ya bima. Nikaona unatafuta karakana inayofundisha wanawake. Nikaona juma zima la "maumivu ya mgongo kwa kuinama," kisha juma la "nyimbo za kuchangamsha," nikafurahi. Barua zako sikufungua, nenosiri lako sikuligusa. Usinipe sifa kwa hilo. Aliyesimama dirishani kwa watu hajisifu kwamba hakupita mlangoni.

Nilijidanganya kwamba ni mapenzi. Nilisema moyoni, mtoto yuko mbali, mama yake ana roho nyepesi, lazima mtu mmoja awe anamtazama. Lakini mapenzi hubisha hodi, na mimi sikubisha.

Ingekuwa kutazama tu, ningeweza kujisamehe nikizeeka. Kuna lile la Februari. Ulinipigia simu, sauti yako ya kawaida, unanitania kuhusu upara. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimeshaona "dawa ya mkono uliounguzwa na cheche." Nikakuuliza, kwa sauti ya mganga, "Na huo mkono, mama, unaendeleaje?"

Nikasikia ukivuta kiti, ukaketi. Kisha ukasema, "Mjomba! Umejuaje?"

Hapo palikuwa na mlango mpana wa kusema kweli, na mimi nikaupita nikipiga mluzi. Nikakujibu kwamba damu ni nzito kuliko maji, kwamba mjomba huona asipokuwapo. Ukalia. Ukaniambia yote: bima ilivyokuchosha, chuma kinavyokupa raha, kwamba hutaki mama yako ajue mpaka ufanye mtihani na upate cheti mkononi, umwambie kwa kinywa chako. Ukasema katika ukoo mzima mimi peke yangu ndiye ninayekuelewa. Nikapokea sifa hiyo kama mtu anayepokea koti lisilo lake, na nimelivaa mpaka Jumanne iliyopita.

Jumanne mama yako alikuja dukani. Macho yake ya karibu yamechoka. Anasoma simu akiwa ameinyooshea mkono mzima kama anamfukuza nzi. Nikamvalisha fremu ya majaribio, ile ya chuma inayomfanya kila mtu afanane na bundi, nikawa naingiza lenzi moja baada ya nyingine. Chati ya ukutani akaimaliza. Akasema chati haina habari yoyote, yeye anataka kusoma kitu cha maana, nimfungulie kompyuta atazame majiko ya umeme. Nikamketisha pale. Nikageuka kutafuta lenzi yenye nguvu kidogo pungufu. Nikasikia kidole kimoja kikibonyeza herufi moja. J.

Orodha ikashuka. Na mama yako, kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa macho, akaanza kusoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza mbele ya wageni:

"Jinsi... ya kumwambia... mama... nimeacha kazi." Akapiga makofi. "Naona, mdogo wangu! Hata vile vidogo naona!"

Mpwa wangu, jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti.

Kisha furaha ikampungua, akarudi kwenye maneno yenyewe. "Nani huyu hajamwambia mama yake?"

Nikasema ni watu tu wa mtandaoni, Dada, mashine huokota ya kila mtu. Uongo huo niliutamka nikiwa nimemshika kidevu, namrekebishia fremu, uso wake na wangu karibu kama wa watu wanaopeana siri.

"Maskini," akasema. "Amwambie tu. Mama atanuna siku mbili. Ya tatu atauliza kama mtoto amekula."

Nikaandika vipimo vyake kwenye mstari wa mteja mwingine, akaniuliza kama nimekunywa chai. Akavaa ile miwani yake ya zamani, akabeba mkoba wake. Alipofika mlangoni akasimama, hakugeuka.

"Huyo mtoto wa watu," akasema, "kama una njia ya kumfikia, mwambie glavu anunue za ngozi. Cheche hazina huruma."

Akashuka ngazi.

Nikarudi kwenye kompyuta kutazama. Chini ya mstari alionisomea kulikuwa na wa pili, ambao hakuusoma kwa sauti: "jinsi ya kuchagua glavu za kuchomelea." Sasa sijui amejua, au amemhurumia tu mtoto asiyemjua. Nimepima macho ya watu miaka ishirini na mbili, naweza kukuambia mtu anaona herufi za ukubwa gani kwa umbali gani, lakini dada yangu aliona nini siku ile siwezi kukuambia. Lenzi nilizomwekea zilikuwa sawasawa.

Kwa siku nne nilijaribu kutafuta namna ya kukufikishia jambo hili nikiwa bado na koti lile. Niliwaza nikupigie tu, nikwambie kwa ile sauti ya mganga kwamba nimeota mama yako hatakasirika. Ningeweza, na ungeniamini, tena ungelia na kunishukuru. Hapo ndipo nilipojiona jinsi nilivyo, na sikupenda nilichokiona, wala hakuna lenzi ya kukirekebisha.

Basi hiyo ndiyo habari. Siri yako niliipata kwa kuchungulia. Ule uganga wangu wa mkono haukuwa uganga. Na mama yako huenda ameshajua kabla hujamwambia, kwa sababu ya uzembe wangu, na kama ni hivyo nimekunyang'anya siku uliyokuwa ukiitengeneza kwa mikono yako yenye malengelenge. Mimi kwake sijasema neno na sitasema. La kumwambia ni lako, na wakati wa kumwambia ni wako. Maneno yake nimekuletea kama yalivyotoka, sikuongeza sukari.

Jana nilibonyeza pale Bwana Kasi aliponionyesha tangu mwaka jana. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Kazi ya pumzi moja, nimeikimbia miezi minane. Hata hivyo badilisha nenosiri lako, usiseme ah, ni mjomba tu. Badilisha hasa kwa sababu ni mjomba.

Nimerudi kwenye makumbusho yangu. Bwana Kasi amenicheka, anasema sasa nitapata muda wa kufuma sweta ukurasa ukifunguka. Nimemwambia kivinjari si kasi peke yake, akauliza ni nini kingine, nikaanza kufuta lenzi zilizokwisha takata. Mkaza mjomba wako nilimweleza kila kitu jana hiyo hiyo. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Na mimi je, ya kwangu huwa unasoma?" Hilo lilinichoma kuliko kugombezwa.

Asubuhi hii, kabla ya kuchukua kalamu, nilijaribu kuandika J kwenye hicho cha zamani. Kikazunguka, kikazunguka, kisha kikaniletea "jiko la umeme" peke yake, maana ndilo nililomtafutia dada yangu humo jana. Hakijui kwamba upo. Nikaona upweke, halafu nikajikemea, kwa kuwa hata huo upweke ni wa mwizi aliyekuta mlango umefungwa.

Nilikuwa nimekutengenezea miwani ya kukinga macho, ya kuvaa unaposaga chuma, nikapima kwa kumbukumbu ya pua yako ambayo, samahani, haisahauliki. Sikuitia kwenye bahasha hii. Ningeonekana nanunua msamaha. Iko kwenye droo ya juu, imefungwa kwa kitambaa. Ukiniandikia kwamba unaitaka, nitaituma siku hiyo hiyo. Usiponiandikia, itakaa hapo, nami sitauliza.

Wala sitakupigia simu. Si kwa kununa, ni kwa kuwa zamu ya kusema ni yako, na ukitaka kuitumia kwa kunitukana, tukana kwa nafasi, karatasi ni ya kutosha.

Mkaza mjomba wako anakusalimu sana, na binamu zako wote wawili. Bwana Kasi anasema ukija umletee simu mbovu yoyote, amechoka kukaa bure. Mwalimu mstaafu nimemwomba radhi jana. Hakuelewa ni ya nini, lakini alinipa peremende. Salamu za mama yako sikuandikii. Utazipata kwake mwenyewe.

Mungu akukinge na cheche, akupe mkono mtulivu siku ya mtihani, na akupe mtu wa kukujali ambaye atakuuliza habari zako badala ya kuzichungulia.

Nakupenda, mwanangu, na kuanzia leo nimesimama nje ya mlango wako. Hodi.

Mimi,
Mjomba wako wa miwani.