Busu la Tatu

Wouter na Fenna,

Supu iko jikoni, ipasheni tu. Keki yangu msiikate mpaka Bibi arudi. Jirani amempeleka hospitali kushonwa shavu.

Bibi alikuja asubuhi kunipa yale mabusu yetu matatu ya siku ya kuzaliwa. Mawili Pim aliyavumilia. La tatu akadhani nashambuliwa, akamrukia. Pim ni kima dume sasa, si kile kitoto chetu. Wouter, usianze na "nilikwambia". Nepi ulimvisha wewe.

Nampeleka kwenye kituo cha kima, akakae na wenzake. ~~Nitamrudisha Jumapili.~~ Hapana, harudi. Fenna, nuna ukitaka, mwanangu, ila blanketi lake msilifue.

Kamba ya kumzuia Pim asifungue friji haina kazi tena. Iacheni hapo hapo.

Mama