Uji Ulioukataa Wakati wa Mgomo

Baba mkwe,

Kerubo alikuwa mhudumu wako tu katika yale makao ya wazee ya Rockville, huku Marekani, lakini kwa kuwa ulimwita binti, mimi mumewe nikawa mkweo. Kila nilipokuja kumchukua baada ya zamu ulinidai mahari, desturi aliyokufundisha yeye: "Mkwe, ng'ombe wangu wako wapi?" Nikakujibu wamekwama kwenye foleni ya magari. Ulicheka mpaka Kerubo akakushika mgongo.

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo nilikuuliza maswali. Ulinieleza Singapore ya wakati wa Waingereza, ulipokuwa mwanafunzi na madereva wa mabasi wakagoma. Mlitoroka darasani mkawapelekea uji wa mchele kwenye lango la gereji, mkawaimbia wasikate tamaa. Siku moja askari alimrushia dereva mmoja mkate. Dereva alikuwa na njaa tangu jana yake, lakini aliupiga teke ukaangukia mtaroni. Kisha polisi wakafungua mabomba ya maji, umati ukakanyagana, na dereva yule hakuinuka tena. Hukuwahi kulijua jina lake.

"Bado huja," uliniambia. "Husimama pale mlangoni, amelowa."

Nilitazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

Wahudumu wenu walipoamua kugoma, Kerubo alisita. Alikuwa amechoka kuinua wazee peke yake, ila wakati huo ulikuwa huli mpaka akulishe yeye. Alipokwambia, ulimkaripia: "Nenda! Mimi niliyebeba uji nitashindwa kuumeza?"

Akaenda. Mimi sikuwa mfanyakazi, kwa hiyo niliruhusiwa kukutembelea. Nilimkuta mama mmoja wa Bukavu, aliyeletwa kushika nafasi za waliogoma. Alikubembeleza kwa Kiingereza mpaka kikamwishia, akanigeukia mimi.

"Umwambie papa akule kidogo. Miye sina matata naye. Niko na batoto bane kwa nyumba."

Nikakutafsiria. Hukumtukana. Ulimsogezea bakuli la uji alilokuletea. "Ana watoto wanne? Basi ale yeye."

Nilitoka nikamweleza Kerubo, aliyekuwa amesimama na wenzake kando ya barabara. Mvua ilikuwa inanyesha. Alikwenda nyumbani, akarudi na uji ndani ya chupa ya chai. Waliogoma hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo alizunguka hadi dirishani kwako.

"Baba, ni mimi. Kula, halafu nirudi kwa wenzangu."

Ulimtazama muda mrefu. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. Kisha ulifunga pazia. Nilikuwa nimerudi chumbani, nyuma yako, na mpaka leo sijui ulimwona nani pale nje.

Ulifariki kabla ya makubaliano kutiwa saini. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Wahudumu walishinda: sasa hakuna anayeinua mgonjwa peke yake.

Kerubo huniuliza, "Ningebaki, angekula?" Nimewauliza watu maswali maisha yangu yote, najua jibu lipi hufariji. Sikumpa hilo.

"Angekula," nilimwambia. "Kwa siku zile, angekula."

Alivaa viatu vyake vya kazi akaenda zamu.

Yule mama wa Bukavu aliajiriwa, na ndiye aliyepangwa zamu moja na Kerubo. Wanainua pamoja, mmoja mabegani, mwingine miguuni. Kwa muda mrefu hawakukutaja. Wenzao wanakikwepa chumba chako, wanadai kina baridi. Hao wawili ndio wanaokihudumia. Wiki iliyopita, walipokuwa wakitandika kitanda, mama yule aliuliza bila kuinua uso:

"Ule muzee, alikuwa papa yako?"

Kerubo alinisimulia haya ndani ya gari, tukielekea nyumbani Germantown. Nikamuuliza alijibu nini.

"Nilimwambia ndiyo," alisema. "Akaniomba msamaha. Na mimi nikamwomba."

Hayo ndiyo niliyotaka uyapate, mzee. Lala sasa.

Mkweo