Baba Alipokutazama Ukiruka Maji

Kwako Dada Jemeli,

Salamu nyingi kutoka kwetu Kapsowar. Ng'ombe mwekundu amezaa, nami nimekuwa wa pili katika Fizikia. Hii ni barua ya tatu. Mbili nimezirarua kwa kukosa pa kuanzia.

Tangu ubadilishe uraia, Baba amekataza usikanyage nyumbani. Jumamosi, mbio zako za kuruka viunzi na maji zilipoonyeshwa kwenye runinga, alisema anaenda kukama. Sisi tukajaa hotelini kwa Mama Chumo kutazama. Ulipoyakaribia maji mara ya mwisho, sauti ikapaa dirishani: "Inua goti, Jemeli! Inua!" Tukageuka. Alikuwa Baba, na ndoo tupu mkononi.

"Mzee Cheboi, si ulisema huyo si wako tena?" Mama Chumo akamchokoza.

"Wewe pika chai! Bendera ndiyo si yangu. Hayo magoti ni ya kwangu."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika, nawe ukamaliza wa tatu.

Njiani nilimuuliza kama unaweza kuja msimu wa mbio ukiisha. Tulitembea hadi langoni, moyo wangu ukidunda kana kwamba ni mimi niliyekimbia. Hapo akasimama, akatazama mawingu.

"Mwambie aje mapema, mvua isije ikaharibu barabara."

Dada, nakuomba ukate tiketi leo hii, kabla hajafikiria upya.

Mdogo wako asiyetulia,
Jerop