Kizibo Kilichopiga Filimbi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku wazima. Leo mkono unakimbia kuliko akili, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Mwanetu Kasuku amerudia kelele zake! Nilikuandikia kwamba mashine yake ya kusikia ilikuwa ikipiga filimbi kila akitafuna au akicheka. Baba yake akawa anaipunguza sauti ili itulie. Filimbi ikaisha kweli, lakini na mtoto naye akanyamaza. Ukimwita hageuki. Nililia, Dada, nikijua masikio yamekwisha kabisa.

Wiki iliyopita tukampeleka kwa fundi, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine kichwani. Akaijaribu mashine, akasema ni nzima. Akachungulia sikio la mtoto, akaanza kucheka. Kumbe shida ni kile kizibo laini kinachoingia sikioni: kimekuwa kidogo, sauti inavuja pembeni na kurudi kwenye mashine, ndiyo hiyo filimbi. Alieleza kwamba sikio la mtoto mchanga hukua mbiombio, kizibo hubadilishwa kila baada ya miezi michache. Akifika umri wa shule mwendo hupungua, ila linaendelea kukua mpaka ujanani. Akaniuliza, “Viatu unambadilishia, sikio ulidhani limeambiwa lisubiri?”

Leo tumechukua kizibo kipya. Tulipofika nyumbani baba yake aliangusha funguo, Kasuku akageuka na kumwambia aokote. Mtu mzima yule alikaa sakafuni akalia.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu kabla hata ya kuvua viatu. Kile kizibo chako ulichokivua ukiwa na miaka kumi, ukakataa katakata kukivaa tena kwa kuwa kilipiga filimbi darasani na wenzako wakakucheka, Mama alikiweka kwenye droo ya cherehani. Alikukemea mpaka akachoka, akasema sikio la kufa halisikii dawa, na mpaka leo nyumbani ukaidi unapimwa kwako. Nilikwenda nacho kwa fundi. Akakilaza kiganjani kando ya kipya cha Kasuku.

Vimelingana, Dada. Kasuku ana miaka mitatu. Ulipewa kizibo kile ukiwa na umri wake, na nyumba nzima hakuna aliyejua kwamba hubadilishwa.

Nimemwonyesha Mama. Alivishika vyote viwili mpaka chai ikapoa. Halafu akaniambia, “Mwandikie dada yako. Mwambie mimi ndiye sikusikia.”

Fundi anasema sikio la mtu mzima limetulia, kizibo chako kipya kitakaa miaka. Nimekuombea nafasi mwezi ujao, na Mama anataka akupeleke mwenyewe, akushike mkono kama alivyopaswa wakati ule. Njoo, tafadhali.

Kasuku anamsalimu Mama Mkubwa wake, tena kwa kupiga kelele mpaka jirani amegonga ukuta.

Ni mimi mdogo wako, ambaye leo kiti hakikaliki