Nani Alikuambia Uoshe?

Magunga, 3/3/1996

Mpwa wangu Caren,
Pokea salamu za Gwassi. Sisi wazima, isipokuwa goti langu, lile nililovunjia kiboko meno. Walimu wako wa chuo hawajambo?

Kazi yako tayari. Nilipanda msituni mpaka juu, askari wa msitu wakanipigia saluti. Yale majani mafupi yanayofunika mawe nimeyatia kwa bahasha za kaki. Soko lote nimeliambia: humo mna wanyama wa miguu minane, kucha kama za chui! Javan wa duka la mafuta taa alicheka mpaka akakaa chini. Leta picha upesi nimfunge mdomo.
Mjomba wako, Zadock

Nairobi, 20/3/1996

Mjomba,
Habari ya goti? Mimi mzima, ila sina raha. Nimeloweka majani, nimetazama kwa hadubini mpaka macho yakauma. Hakuna hata mmoja wa wale wanyama wadogo wasioonekana kwa macho. Na yananukia sabuni! Nani alikuambia uoshe? Nikikosa wanyama wa msitu huo kabla ya Mei, mwalimu atampa mwingine kazi yangu ya utafiti.
Mpwa wako, Caren

Magunga, 29/3/1996

Caren,
Wazima hapa, tena usiniulize goti. Niliosha, ndiyo! Mchanga ule, matope yale, nipeleke Nairobi walimu waseme kwa kina mama yako hawajui maji? Hata samaki hatukutumii na magamba. Kumbe wanyama wako wanakaa kwa uchafu, na hukusema! Sasa Javan ananiita Bwana Bahasha, hata kanisani. Umeniharibia jina.
Mjomba, kama bado unanihesabu

Nairobi, 8/4/1996

Mjomba,
Nilisema, Krismasi, mbele ya mama. Wewe ulikuwa unasimulia kiboko! Nikikosa kazi hii narudi nyumbani mikono mitupu. Tafadhali panda tena. Usioshe. Na safari hii usimwambie mtu.
Caren

Magunga, 19/4/1996

Caren,
Nimepanda kwa mvua, nimeteleza, goti sasa limevimba kweli. Uchafu wako wote umo humo. Sikumwambia mtu. Javan aliponiuliza nilikotoka nikanyamaza, akadhani naumwa sana, akaniletea uji. Uji! Mimi! Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.
Mjomba

Magunga, 25/5/1996

Mpwa wangu,
Picha imefika. Miguu minane, kucha, kila kitu, na kazi ni yako. Nimefurahi. Lakini Javan ameigeuza juu chini, akasema, "Na kiboko je, hukumpiga picha?" Soko lote likaangua kicheko. Mshenzi yule! Panda basi uje na hiyo mashine yenyewe, aweke jicho lake hapo mbele ya watu.

Na usiioshe.
Mjomba wako, Zadock