Radhi Siombi, Risasi Nakuchagulia

Nyumba ya Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Bucha la Nyama ya Mwituni.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mke mwenzangu,

Pokea salamu za bibi yako, nyingi, usizihesabu. U mzima? Kile kifua kimepona? Huko ghorofani mnakokaa nasikia baridi hupanda ngazi pamoja na watu. Vaa soksi, na usinijibu kwamba wewe ni mtu mzima.

Mimi sijambo. Goti la kushoto bado linatangulia kujua mvua, na jicho la kulia linataka miwani, mimi sitaki, tunavutana. Chakula nakula. Usingizi naupata, tena mchana hata nisipoutafuta.

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Unajua sikukanyaga darasa. Herufi nilizijulia kwenye lebo za nyama, babu yako akiandika jina la mwenye mnyama na uzito wake, mimi nikizifunga kwa uzi mguuni. Barua hii imenichukua siku tatu, kwa hiyo usiisome mara moja ukaitupa.

Barua yako ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, kwamba umepata kibali cha kuwinda, mwezi ujao unakwenda kumtafuta kulungu wako wa kwanza, na hujui ununue risasi gani. La pili, umeniomba nimwombe radhi Bwana Mbio ili mjomba wako anirudishe kwenye meza ya kukatia nyama na maneno yaishe. Nianze na hilo la pili kwa sababu jibu lake ni fupi. Siombi.

Najua mama yako amekusimulia, na mama yako akisimulia hupunguza pilipili ili watu wasikohoe. Basi nikupe yenyewe.

Bwana Mbio unamkumbuka, yule mwenye viatu vya kamba ndefu, anayesifia mwendo wa risasi zake kama wenzake wanavyosifia watoto wao. Ndiyo maana tukamwita hivyo. Alhamisi moja asubuhi alileta kulungu dume, bucha limejaa watu, akatangaza kwamba kampiga jana yake jioni, risasi moja tu, akaanguka pale pale. Nikamchuna. Bega la kulia lilikuwa uji. Damu ilikuwa imevilia shingoni mpaka kwenye ubavu wa tano, na ndani yake vipande vya risasi vidogo kama chenga za mchele. Mapafu mazima, moyo mzima. Huku nyuma, karibu na paja, tundu jingine, bichi. Na nyama yenyewe nyeusi, inanata kidoleni. Nyama ya namna hiyo haina siri, ni ya mnyama aliyekimbia na kuteseka usiku kucha.

Nikakata kilichoharibika, kilo sita na ushei, nikakitupa. Alipoona mzani unasoma pungufu, akasema mbele ya watu wote kwamba bibi haoni tena, kamharibia nyama kwa kisu. Mjukuu wangu, pale mezani nina miaka arobaini na mmoja. Niliweka kisu chini nikamwambia, "Kisu changu hakitemi risasi, baba. Huyu hakufa jana. Amekufa leo alfajiri, na umempiga mara mbili."

Hakuna aliyesema nimedanganya, wala siku ile wala leo. Kosa langu ni kwamba watu walicheka.

Jioni mjomba wako akanijia na sauti ya kubembeleza mgonjwa. Twende kwake, Mama, umwombe radhi, yule ni mteja mkubwa na ana marafiki. La sivyo upumzike kidogo. Nilimwambia kupumzika kupo kwingi, kaburini. Nikavua aproni mwenyewe kabla hajainyooshea mkono, nikachukua visu vyangu vitatu na kinoo cha babu yako, nikavuka ua nikarudi kwangu. Kwa wiki tatu nilikaa nikinoa visu visivyokata kitu.

Sasa risasi. Huko watakwambia bibi yako hajafyatua bunduki hata siku moja, atajua nini. Kweli sijafyatua. Lakini mpigaji humwona mnyama akianguka, mimi hukiona kilichomwangusha.

Usinunue zile nyepesi zenye mbio, za gramu tatu na nusu, zenye ganda jembamba. Zile ni za mbweha na sungura. Zikigonga bega la kulungu hupasuka juu juu kama yai lililorushwa ukutani, zisifike ndani kwenye uhai. Ndizo zake Bwana Mbio. Na usinunue zile zilizovaa shaba mpaka puani, za kupigia shabaha. Hizo hupita kama sindano kwenye shuka, tundu dogo la kuingia, tundu dogo la kutokea, na kulungu wako anakwenda kufia kichakani usikomwona. Wa kukushukuru ni kunguru.

Kwa bunduki hiyo uliyonitajia, yenye mdomo wa milimita saba na kitu, chukua risasi ya gramu kumi au kumi na moja, yenye pua laini, na uulize kama moyo wake, ile risasi laini ya ndani, umegandishwa na ganda lake visiachane njiani. Ya namna hiyo ikiingia hufunguka kama uyoga, na bado hubaki kitu kimoja. Nimezikuta mara nyingi upande wa pili, zimetulia chini ya ngozi, na mwenye mnyama huniambia hakwenda hatua hamsini. Hapo nyama huwa nyekundu, na mimi kazi yangu huwa nyepesi. Ziko pia za shaba tupu. Hizo hazimwagi vipande kwenye nyama, na kama utawalisha watoto, nunua hizo, hata zikipungua gramu moja hazina neno.

Ila usinunue boksi kumi kwa sababu muuzaji ana tabasamu. Nunua aina mbili tatu, ukapige karatasi ya shabaha. Bunduki huchagua risasi yake kama mtu anavyochagua ubavu wa kulalia. Ikishachagua, usibadilishe eti jirani kakusifia yake. Ukibadilisha, rudi kwanza kwenye karatasi.

Na risasi nzuri haimwokoi mpumbavu. Akupe ubavu, ndipo ulenge nyuma ya bega, chini kidogo ya katikati ya mwili. Asipokupa ubavu, mwache. Kulungu aliyekwenda zake mzima si wa mtu. Uliyemjeruhi ni wako, na utamfuata mpaka umpate, hata viatu viishe soli.

Turudi nyumbani. Jumanne hii mjomba wako alisimama mlangoni kwangu na bakuli mkononi. Muda wote huo alikuwa akikata mwenyewe, maana hakuna aliyetaka kuifanya kazi ile kwa jinsi ninavyoifanya mimi. Ndani ya bakuli bega la kulungu, uji mtupu. Sikuuliza ni wa nani. Alisimama vile alivyosimama akiwa na miaka saba, siku aliyovunja dirisha la jirani. Akasema, "Mama, nimekata, nimekata, sioni inapoishia."

Nilimwambia aketi. Nikamwonyesha kwa kidole pale damu inapokoma kufuata nyuzi za nyama, maana macho peke yake hudanganyika. Yeye ni mwanangu hata akinikera. Kisha nikampa masharti yangu. Nitarudi mezani. Radhi siombi. Na kila mnyama atakayepita mikononi mwangu, lebo yake itakuwa na jina la mwenyewe, uzito, na kifo chake, kapigwa risasi ngapi, za aina gani, amekufa upesi au taratibu.

Akasema wateja watatukimbia. Nikamwambia watakaokimbia ni wale wasiojua kupiga. Alibeba bakuli lake akaondoka, nami nikabaki sijui kakubali au kakataa. Asubuhi nilipovuka ua nilikuta aproni yangu imefuliwa, na kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza.

Alhamisi Bwana Mbio akaja kuchukua nyama yake, ya lile bega la bakulini. Akasoma lebo. Nilikuwa nimeandika, "Risasi mbili, nyepesi. Alikufa taratibu." Akaichana. Nikaandika nyingine, herufi kubwa zaidi kidogo, nikaifunga. Akaichana hiyo pia. Mjomba wako akakohoa. Nikaandika ya tatu. Boksi lina lebo mia tano, mke mwenzangu, na siku hiyo sikuwa na haraka ya kwenda popote. Ile ya tatu aliifungua uzi, akaikunja akaitia mfukoni. Akabeba nyama yake akatoka bila kuaga.

Kama atarudi, sijui. Rafiki zake wawili wameshapeleka wanyama wao kwingine. Mjomba wako ananisalimia kama mtu anavyomsalimia mkaguzi wa afya. Lakini kalamu hajaifungua mezani, na mimi sitoki.

Ndiyo maana nakusihi usiniombe tena nimwombe radhi mtu yeyote kwa kusema nilichokiona kwa mikono yangu hii. Niombe unga, niombe dua, niombe hata zile hereni zangu. Hilo hapana.

Nisalimie mumeo, huyo mrefu anayegonga kichwa milangoni, mwambie apike siku utakayokwenda porini. Msalimie kaka yako dereva, apunguze mwendo, mbio haimsaidii mtu, ameshasikia. Mama yako anakusalimu, na fundi bunduki wetu anasema ukikwama umwandikie. Mjomba wako hakunituma salamu, lakini jana aliniuliza mara mbili kama umejibu, basi zipokee.

Ndani ya bahasha nimekuwekea lebo moja tupu na uzi wake. Ukimpata kulungu wako, andika wewe mwenyewe risasi gani, mara ngapi, na amekufaje, kisha unirudishie. Akiwa amekufa upesi, nitaitundika ukutani juu ya mzani. Akiwa amekufa taratibu, iandike hivyo hivyo, na nitaitundika pale pale.

Mungu akutulize mkono na akurudishe salama kwa watu wako.

Wako akupendaye, hata ukikosa shabaha,
Bibi yako, mkata nyama.