Ukoko Usiokwanguka

Senje,

Shangazi yangu, sauti iliyobaki nami ni ya kijiko chako kikikwangua sufuria. Vilio vya watu uani vimefifia, hata udongo ulipokuwa ukikuangukia siukumbuki vizuri. Lakini kijiko nakisikia. Umeketi kwenye kigoda karibu na moto, sufuria umeibana kwa magoti, unatafuta ukoko wa ugali. "Obusuma, ugali wenyewe, ni huu wa chini," ulikuwa ukisema. "Ule wa juu ni wa wageni." Kisha unanibakizia kipande cha kahawia, kikavu kama gome la mti.

Siku hizi sufuria naziloweka mara tu tunapomaliza kula. Sitaki kusikia zikikwanguliwa.

Nimechoka, Senje. Ni uchovu ambao usingizi hauuondoi. Nilimaliza chuo, na sasa nafundisha kemia katika shule ya wasichana hapa Kakamega. Jioni narudi kwenye nyumba yako ileile ulimonilelea. Kuku wako wawili bado wanataga chini ya kitanda cha jikoni, hawataki mahali pengine. Na Baba anaishi nami. Ndugu yako ameacha shamba la Malava mikononi mwa majirani, akaja kuwa karibu na hospitali. Ana sukari, kama wewe. Anasema imewafuata kutoka tumbo moja.

Unakumbuka ulivyojiandaa kwa siku ya kliniki? Uliiita mtihani. Siku mbili kabla hugusi ugali. Unakunywa maji ya mnavu uliochemshwa bila chumvi, machungu hata unafumba macho, na chai ya rangi isiyo na chochote. Wanawake wa lile benchi la kliniki ndio waliokufundisha. Kila mmoja alikuwa na mbinu yake ya kufaulu, na mliambizana kwa sauti ya chini, muuguzi asisikie. Mimi nilikuchumia huo mnavu kwa furaha. Nilikuwa msichana mdogo, nami niliamini.

Na ulifaulu. Muuguzi alikusifu mbele ya wenzako. Ulirudi nyumbani umenyoosha shingo, ukachinja kuku, ingokho ya sherehe, ukaikausha juu ya moto mpaka ngozi ikawa nyekundu, ukapika ugali mkubwa na chai tamu. "Damu imetakata," ulisema. "Wacha nile sasa."

Halafu ile jioni ya kaa la moto. Ulikuwa umenyoosha miguu, tunaongea habari za kanisani, ukaacha maneno katikati. Ukanusa. "Nani anachoma ngozi?" Tukatazama wote. Kaa lilikuwa limekaa juu ya mguu wako, linakuchoma, na wewe ulikuwa umelisikia kwa pua tu. Ulicheka. Ulisema mguu huu umekuwa wa mtu mwingine. Kidonda kile hakikufunga tena. Baadaye macho. Baadaye figo. Watu walisema ni magonjwa mengi yamekuandama kwa pamoja, wengine wakatafuta aliyekuonea wivu. Mimi nilibaki nikijiuliza ni nini.

Jibu nililipata chuoni, na lilinichosha zaidi. Mwalimu wetu alikuwa akieleza kwa nini mkate hugeuka kahawia unapookwa. Sukari hujishika kwenye protini, moto ukazikaza, rangi ikaja, ugumu ukaja. Kisha akasema, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba mwilini hutokea vilevile, bila moto, polepole, kwa miaka. Sukari ikizidi katika damu hujishika kwenye nyama yenyewe. Mwanzoni inaweza kuachia. Ikikaa sana haiachii tena. Hufunga protini moja kwa nyingine, mishipa ikakakamaa, kioo cha jicho kikaingia ukungu, chujio la figo likaharibika. Alisema wataalamu bado wanachunguza ni kiasi gani cha madhara kinatoka hapo. Mimi sikuwa nikiandika tena. Nilikuwa nasikia kijiko.

Ukoko ulikuwa ukijishika ndani yako, Senje. Miguu, macho, figo, moto ulikuwa mmoja. Hakukuwa na mtu wa wivu. Na sufuria haitakati kwa sababu umeacha kupika siku mbili. Ile damu waliyoipima ilikuwa ya siku zako mbili za njaa. Miaka yako hawakuipima kamwe, kwa hiyo dawa waliyokupa ilikuwa ya yule mwanamke wa siku mbili.

Ningependa kukueleza haya umekaa kwenye kigoda chako. Ungenisikiliza hadi mwisho, kisha ungeuliza kama huyo mwalimu ameoa.

Sasa Baba. Wiki iliyopita, siku mbili kabla ya kliniki, alisukuma sahani. Akaniomba maji ya mnavu. Benchi ni lilelile, Senje. Wamemfundisha, na kumbe miezi yote amekuwa akifaulu hivyo nikiwa shuleni.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikachuma, mahali palepale. Nikaupika kwa maziwa, kama unavyopikwa kwa mtu mwenye afya, nikauweka mbele yake na ugali wa kawaida yake. Nikamwambia kwamba akinywa yale maji sitamsindikiza kliniki. Alivuta sahani. Alikula. Na kesho yake pia.

Kliniki ilipofika alipimwa akiwa yeye mwenyewe, wa siku zote. Daktari aliitazama namba, akaitazama kadi yake yenye sifa tupu, akasema kumbe dawa hii haijawahi kumtosha. Akambadilishia. Wale wa benchi walitugeuzia mgongo tulipopita. Mmoja alifyonza.

Lala, Senje. Kuku wako nitawatunza, na ukoko wa sufuria nitawapa wao. Miguu ya Baba naitazama kila jioni, kidole kwa kidole, nikimgusa na kumuuliza kama anasikia. Bado anasikia. Hilo nakuahidi nitaendelea kulifanya hata akininunia.

Na amenuna. Njia nzima alitangulia mbele yangu. Tulipofika langoni ndipo aliposimama, akashika nguzo, akasema bila kunitazama, "Mwalimu mzima, na umenifelisha."

Ndiyo, nimemfelisha. Na mwezi ujao nitamfelisha tena.